Taa Aliyoiona Bibi Peke Yake

Wiki iliyopita Khale Salma alirudi kutoka Ulaya, akapandisha sanduku lake la magurudumu likigonga kila ngazi ya nyumba yetu, na hata viatu hajavua akanitazama kuanzia utosini akasema, "Tima! Umekuwa mwanamke! Haya, ile taa yangu iko wapi?" Chai ikanipalia. Mama akakohoa akajifanya anatafuta sukari, na sukari ilikuwa mbele yake. Khale Salma ni binamu ya mama yangu, kazi yake ni ya maabara, na mambo yaliyotupata na taa yake aliyasikia kwa simu tu, tena nusunusu, kwa sababu siku ile kila mtu alitaka kuishika simu yeye. Nikasema nitamwandikia yote, tangu mwanzo. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Kismayo, na walimu watatu kwa nyakati tofauti wameniambia sitafika popote. Najua mtu wa umri wangu akianza kusema habari za zamani watu hucheka. Chekeni. Mimi mwaka wangu wa kumi na nne ninao. Habari za ukoo naziruka. Mbajuni ukimruhusu aanze na ukoo, wali utapoa.

Mwaka ule nililala chumba kimoja na Bibi, mama wa mama yangu. Kilikuwa chumba cha ndani, hakina dirisha. Mwanga wake wote ulipitia mlangoni, na mlango una pazia zito, kwa hiyo saa kumi alasiri kulikuwa giza kama ndani ya kisima. Upande huu kitanda cha Bibi cha kamba, upande ule godoro langu, na ukutani katikati yetu kidaka cha kuwekea vitu: msahafu, chupa ya mafuta ya karafuu, dawa zake za presha, na meno yake ya bandia kwenye kikombe, ambayo nilishayaficha mara mbili na mara mbili nikajuta. Chumba kilinuka karafuu na mikate ya mofa, maana jiko lilikuwa nyuma ya ukuta huohuo, na ukilala ulisikia kila neno la wanawake wanaooka: nani kaposwa, nani kaachwa, nani kapata barua ya kwenda Ulaya halafu akaipoteza. Mimi nilikuwa na mtihani wa darasa la nane. Bibi alikuwa na macho yanayotoa machozi akiona taa. Nikiwasha, yeye "Zima!" Nikizima, kesho yake mwalimu "Tima, simama." Basi ikawa hivyo miezi, vita vya taa, mpaka Khale Salma akaja likizo akatuona tunagombana, akacheka, akafungua mkoba wake.

Alichotoa kilikuwa bapa dogo kama kisanduku cha kiberiti, juu ya mguu mfupi, na waya wa kuchajia. Akaliweka kwenye kidaka, akabonyeza. Hakuna kitu. "Khale, imekufa hii," nikamwambia, "wamekuibia huko Ulaya." Akasema, "Kaa kwenye godoro lako." Nikakaa. Yallah! Kijani kikanijia usoni, kizuri, kimetulia, kama mtu kanifungulia mlango. Nikasimama, kikapotea. Nikakaa, kikarudi. Bibi kitandani kwake anauliza, "Mnacheka nini gizani nyinyi?" Yeye haoni chochote.

Khale Salma akanieleza akiwa amekaa sakafuni, anamenya chungwa. Taa nyingine zote, akasema, mwanga ukishazaliwa ndani yake hutoka ovyo, kama watoto wakitoka madrasa. Hii uso wake umejaa vinguzo, vimejengwa hapohapo mwanga unapozaliwa, na vidogo kiasi kwamba ukiupasua unywele wako mmoja mara mia kadhaa kwa urefu wake, kipande kimojawapo ndicho unene wa kinguzo. Kila kinguzo kina umbo lake na nafasi yake. Mwanga ni mawimbi. Vinguzo vinayafanya mawimbi yakubaliane upande mmoja, na pande nyingine zote yanauana yenyewe kwa yenyewe.

"Kwa hiyo hakuna kioo?"

"Hakuna kioo, hakuna lenzi, hakuna kifuniko. Mwanga unazaliwa unajua njia yake."

"Na nikiushika uso wake kwa kidole?"

"Mafuta ya kidole chako yataingia kati ya vinguzo, mpangilio wote uvurugike, na miaka minne ya maisha yangu itakuwa imekwenda kwenye kidole chako. Shika mguu tu. Umenisikia, Tima? Mguu."

Nilisikia. Khale akaondoka, mimi nikasoma. Vitabu vyangu vyote vilionekana vimeota ukungu, kwa sababu kijani ndiyo rangi waliyokuwa wakiijaribu kule kwao, lakini nilisoma, na Bibi, ambaye kwake taa ile ilikuwa bapa jeusi lisilowaka, akalala usingizi wa mtoto. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima.

Lakini Bibi alinichongea. Alimwambia Mama kwamba nikitoka kwenda madrasa sifiki madrasa, naishia ufukweni kucheza mpira na wavulana, jambo ambalo lilikuwa kweli na ndiyo maana liliniuma. Mama akachukua simu yangu, akanichapa kwa ndara. Siku ya pili baada ya alasiri, Bibi akiwa anatawadha, niliingia chumbani, nikashika taa kwa mguu wake kama nilivyofundishwa, nikaiwasha, nikaigeuza nusu mzunguko. Sasa mwanga wote ulikwenda kwenye mto wa Bibi. Mpango wangu: alale, apige kelele "Zima taa!", Mama aje asimame mlangoni, aone giza, amwambie mamake macho yamezeeka. Nami nitacheka kwenye godoro langu mpaka nipone zile ndara. Mpango mzuri. Nauona mzuri hata sasa, na hilo linanitia hofu.

Bibi akaingia, akajinyoosha, akaweka kichwa kwenye mto. Nikabana pumzi. Akainua kichwa kidogo. Akakirudisha. Akainua tena, akarudisha. Kisha nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, laini kama anaongea na mgeni: "Alhamdulillahi. Imekuja."

"Nini, Bibi?"

"Niitie mamako, mwanangu." Bibi hakuwahi kuniita mwanangu. Mimi nilikuwa "we jini" tangu kuzaliwa.

Mama akaja na mikono ya unga. Akasimama mlangoni, na kutoka mlangoni taa ilikuwa bapa jeusi tu lililolala kwenye kidaka. Lakini uso wa Bibi, huo aliuona. Ulikuwa wa kijani. Mama akatoa ukelele uliosimamisha tanuri la mofa. "Hooyo! Mama yangu! Rangi imemtoka! Hooyo!" Bibi akamwambia apunguze sauti, mchu hafi kwa kelele (mtu kwa Kibajuni chake ni mchu). Akamweleza kwamba anaona nuru ya kijani, rangi ya peponi, na kwamba akiinua kichwa inamkimbia na akilala inarudi, maana yake inamtaka alale. Mama akapiga magoti. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, mdomo wazi. Sentensi ilikuwa fupi, maneno matatu tu: ni taa, Bibi. Sikuisema. Nilikuwa nangoja nafasi ya kuisema kwa mzaha, ili nisipigwe sana, na nafasi ya mzaha ikapita kama gari bila breki. Kabla sijafumba mdomo wanawake watano walikuwa wameshaingia.

Siku mbili zilizofuata ndizo siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Mwalimu Shee wa madrasa yetu akaja kusoma Yasin, akaniona, akashangaa kwamba ninaijua njia ya kukaa na msahafu. Bibi akakataa anjera, mkate wake wa asubuhi. Akakataa mchuzi wa samaki. Halafu Mama akamletea vidonge vya presha, na Bibi akausukuma mkono wake taratibu: "Hizo ni za wanaobaki." Daktari alishatuambia mbele yangu: asipokunywa hizo, hana wiki. Basi haikuwa tena mzaha wa mtu anayedhani anakufa. Nilikuwa namuua Bibi yangu kwa taa ya kusomea.

Nikajaribu kurekebisha bila kusema. Asubuhi ya siku ya pili, watu wakinywa shaah, chai yetu ya viungo, ukumbini, niliizima. Bibi akafumbua macho, akatazama dari. "Imekwenda," akasema. "Imetangulia kunisubiri. Leo ni leo." Wanawake wakasikia, wakaanza kulia upya, na mmoja akatoka kwenda kuuliza bei ya sanda. Nikaiwasha tena haraka. "Imerudi!" akasema Bibi, machozi yakimtoka. "Imenifuata yenyewe." Vyovyote nilivyofanya, nilizidi kumzika.

Alasiri ile Bibi akaanza kuombana radhi na watu, kama afanyavyo anayejiona anaondoka. Aliwaomba radhi majirani, akamwomba radhi muuza maziwa, akaniomba radhi mimi, nikakimbilia chooni. Kisha akasema jina ambalo nyumbani kwetu halitajwi. "Nipigieni Zena." Bibi Zena ni mdogo wake, mama yake Khale Salma, anakaa Mombasa, na walikuwa hawajasemezana tangu wakimbie vita, kabla mimi sijazaliwa, kabla hata baba hajamjua mama. Sisi wadogo tulijua sababu kwa kusikiasikia kutoka jikoni: walipokuwa wanakimbia kwa mashua mbili, Lali, mtoto wa Bibi, wa miaka mitano, alikuwa mashua ya Zena, akafa kwa homa, Zena akamzika kisiwani Fuma bila kumngoja mama yake amwone. Bibi hakulisamehe hilo. Watu wakatolewa chumbani. Mama akabaki kushika simu, spika wazi. Mimi nilikuwa kwenye godoro langu nyuma ya nguo zilizotundikwa, na hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

"Dada," ikasema simu. "Dada yangu."

"Zena, mimi naondoka. Kama kuna uliloliweka, litoe."

"Nisamehe kwanza."

"Toa kwanza."

Nikadhani salio limekwisha. Kisha Bibi Zena akasema, "Lali sikumzika."

Mama akaishusha simu kidogo, akaipandisha.

"Sikumzika Fuma, sikumzika popote. Tulisimama Burgao. Maji yamekwisha, mashua imejaa, nahodha akasema mtoto mwenye homa harudi ndani, atawaambukiza wengine. Palikuwa na mwanamke anauza mofa ufukweni. Nikamwachia. Alikuwa hai, dada. Alinishika buibui. Nikamwambia narudi kesho, na hakukuwa na kesho ya kurudi. Nilipokuona Mombasa, mdomo wangu ukasema amekufa. Ukishalisema hilo utalirudishaje? Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema."

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anaponda ukwaju, anaponda tu, hajui dunia imegeuka. Mama alikuwa na miaka saba walipokimbia. Lali alikuwa mdogo wake. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na macho yake juu ya kiganja yalikuwa ya mtoto wa miaka saba. Bibi hakulia. Alisema, "Nimekusamehe, Zena. Si kwa moyo, moyo haujafika. Ni kwa ajili ya safari." Simu ikakatwa. Akageukia ukuta, mwanga ukimpiga shingoni, na nikasikia akisema kwa Mungu wake, si kwetu: "Ungenipa mwezi. Mwezi mmoja tu. Ningekwenda Burgao hata kwa kutambaa."

"Unao!" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nilitoka nyuma ya nguo na gauni la mtu limenikaa kichwani. "Unao mwezi, Bibi! Unao hata mwaka! Hufi wewe! Ni taa! Ni taa ya Khale Salma, mimi ndiye niliyeigeuza!"

Mama akanitazama kama anayenitazama kutoka mbali. Watu wakarudi chumbani kwa kelele zangu. Nikawaonyesha kidaka. Wote wakatazama. Wote wamesimama, kwa hiyo wote wakaona bapa jeusi lisilo na kitu. "Mtoto amechanganyikiwa," akasema jirani mmoja, "anampenda sana bibi yake." Nikaingiza mkono juu ya mto ili waone mwanga ukiushika. Mkono ukawa wa kijani, na yule jirani akapiga yowe, "Subhanallah, na huyu pia imempata!" Nikapakatwa, nikasomewa. Ndani ya kusomewa nikapiga kelele, "Laleni! Mtu alale hapo aweke kichwa, ataiona!"

Nani aweke kichwa kwenye mto wa mtu anayekufa? Mwalimu Shee, anayetufundisha kila siku kwamba siku ya mtu haisogei hata nukta, akarekebisha kofia. "Mimi nina udhu," akasema.

"Kujilaza kitandani hakutengui udhu, Mwalimu," nikamwambia. "Umetufundisha mwenyewe."

"Kuna rai tofauti," akasema, akisogea karibu na mlango.

Ni Mama aliyekwenda. Akamsogeza mamake kidogo, kama wanavyolala wanawake msibani nyumba ikijaa, akaweka kichwa pembeni ya kichwa chake. Nikaona uso wake unageuka kijani karibu na uso mwingine wa kijani. Akakaa hivyo. Kisha akasema polepole, "Tima. Igeuze." Nikaigeuza kwa mguu wake. Nyuso zote mbili zikazimika. "Irudishe." Zikawaka. Mama akainuka, akavua ndara.

Nilipigwa. Sitaeleza, nina heshima yangu mtaani. Simu ikapigwa Ulaya na watu saba wakazungumza kwa pamoja, "Salma, taa yako inaua watu!", ndipo Khale akasikia hizo nusunusu zake. Katikati ya ghasia hiyo Bibi alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, anatazama taa kwenye kidaka. Nilijua ananingoja. Nilijua na la pili, baya kuliko kipigo: amesamehe jambo ambalo asingelisamehe, kwa sababu yangu. Nikamwendea, nikasema, "Bibi, radhi uliyompa Bibi Zena, si uliitoa kwa uongo wangu? Unaweza kuirudisha."

Akanitazama kwa yale macho yake ya machozi. "Wewe jini," akasema. "Lini umeona mchu akirudisha radhi? Nimeshaitoa. Nitaishi nayo tu, inikwame kooni." Halafu akanyoosha mkono kwa Mama. "Nachaka dawa zangu. Na anjera. Nne. Na mwulize mchu yeyote bandarini mashua ya Burgao inaondoka lini."

Tulikwenda siku ya tisa, Bibi, Mama na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuniacha nyumbani. Yule mwanamke wa mofa alishafariki zamani. Tulimkuta binti yake, Habiba, anaoka palepale. Bibi alipotaja mtoto mwenye homa, Habiba aliacha mofa iungue. Ndiyo, alikuwepo. Mama yake alimponya kwa maji ya mchele. Walimwita Yusufu, kwa sababu hakuweza kusema jina lake kwa siku nyingi, na alipoweza walikuwa wameshalizoea hilo. Vita vilipowafikia na wao walivuka naye Kenya, wakakaa kambini, akawa kijana, akaondoka na malori, wakapotezana, nao wakarudi Burgao bila yeye. Mpaka leo ninapoandika tunauliza: Mama anatuma sauti kwa watu wa kambini, Khale Salma anauliza Ulaya, Bibi Zena anauliza Mombasa nyumba hadi nyumba, naye na Bibi huongea kila Ijumaa, kwa ukali, kama watu wanaofanya kazi moja na hawapendani. Hatujampata. Bibi anakunywa vidonge vyake kwa saa, na ukichelewa kumletea anakutukana.

Siku ile Burgao hakulia wala hakuanguka, na Mama alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Aliuliza jambo moja tu: "Alikuwa akila?" Habiba akacheka bila kutaka. "Akila? Mama yangu alikuwa akificha chungu!" Bibi akatikisa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei.

Adhuhuri tuliswali nyumbani kwa Habiba, mimi nyuma ya Bibi. Lazima niseme hapa kwamba baada ya kila swala Bibi huomba kwa sauti, na huomba kwa orodha mbili. Kwanza maiti, mmoja mmoja kwa jina, kila mmoja na rehema yake. Kisha walio hai. Nimelala naye chumba kimoja, orodha zote mbili nazijua kuliko masomo yangu. Akainua mikono, akaanza: baba yake, mama yake, mume wake. Baada ya mume wake siku zote huja Lali. Nikasikia akivuta pumzi ya kulisema. Mikono ikabaki hewani. Mama, aliyekuwa upande wangu, alinishika goti akalibana mpaka likauma. Bibi akaliruka jina, akaendelea na shangazi zake, akazimaliza rehema zote. Kisha akaanza walio hai. Siku zote walio hai huanza na Mama, na baada ya Mama huja mimi. Akasema jina la Mama, na baada yake akasema, kwa sauti inayojaribu njia isiyoijua, "Na Lali. Mpe afya. Mpe riziki. Mpe mchu wa kumpikia." Akasita, akaongeza, "Ukimtafuta kwa jina la Yusufu, ni huyohuyo." Mimi nilikuja wa tatu, nikasema amina.